HOMA YA UTI WA MGONGO KWA WATOTO: JINA NA UGONJWA WENYEWE

Jina la ugonjwa haliponyi, lakini ndilo lionyeshalo njia ya kuendea tiba. Mzazi aliye na mtoto mgonjwa hulitafuta jina kabla ya kutafuta dawa. Akiamua kuwa ni homa tu, atamfuta mwili kwa maji na kungoja kupambazuke; akiamua kuwa ni degedege, huenda akamwendea mzee ajulikanaye kwa kutibu degedege; akiamua kuwa ni malaria iliyopanda kichwani, atamchukua upesi mpaka hospitali. Kwa hiyo namna Kiswahili kiyatajavyo maradhi si jambo la watunga kamusi peke yao. Katika ugonjwa uwezao kuua kwa muda wa saa chache, jina lenye upungufu laweza kula saa zile zile ambazo zingalimwokoa mgonjwa.

Mfano wa jambo hili ni ugonjwa uitwao kwa Kiswahili homa ya uti wa mgongo, hasa ule uletwao na bakteria na kuwapata watoto wadogo. Makala haya yaueleza ugonjwa huo na mzigo wake ulimwenguni, kisha yatazama jinsi jina lake, pamoja na majina mengine yaliyo jirani nalo, yanavyosaidia au kuzuia kutambuliwa kwake katika mahali kama Songea.

Songea na lugha za mgonjwa

Mji wa Songea, ulio makao makuu ya Mkoa wa Ruvuma kusini mwa Tanzania, umekaa karibu na milima ya Matogoro, ambako Mto Ruvuma huanzia. Kwa hesabu ya watu ya mwaka 2022, mkoa huo ulikuwa na watu zaidi ya 1,800,000. Wenyeji wake husema Kingoni, Kindendeule, Kimatengo, Kinyasa, Kiyao na lugha nyinginezo, nao hukutana katika Kiswahili.

Basi habari za mtoto augua usiku huweza kupita katika lugha tatu kabla ya kuifikia dawa. Nyumbani huzungumzwa kwa lugha ya mama au ya bibi. Katika hospitali ya mkoa iliyoko mjini, au katika hospitali ya Peramiho iliyo magharibi ya mji, mahali ambapo Wabenediktini walianza misheni yao mwaka 1898, mama huieleza habari ile kwa Kiswahili. Kisha tabibu huiandika kwa Kiingereza. Katika kila kivuko jambo fulani laweza kudondoka. Mama akisema “mtoto alistuka-stuka”, au “alilegea”, au “alilia kilio kisicho chake”, amesema jambo kubwa. Lakini ikiwa maneno hayo hayana mahali pake katika maelezo ya ugonjwa, msikilizaji aweza kuyapita asiyaone.

Jina na asili yake

Neno uti ni la shina moja na mti, kiti na kijiti. Lataja kitu kirefu kisimamacho na kushikilia vingine, kama shina au mhimili. Uti wa mgongo ni safu ya mifupa ishikiliayo kiwiliwili, na kutokana na maana hiyo umepatikana usemi uliozoewa sana katika siasa ya Tanzania, kwamba kilimo ni uti wa mgongo wa nchi. Asikiaye homa ya uti wa mgongo bila maelezo zaidi hana budi kufikiri kuwa ugonjwa wenyewe umo katika mifupa ile.

Lakini mifupa haina ugonjwa. Jina litumiwalo na matabibu wa ulimwengu limetokana na neno la Kiyunani lenye maana ya utando. Ubongo umefunikwa kwa tando tatu, na tando hizo hushuka pamoja na uzi mnene wa neva upitao ndani ya mifupa ya mgongo. Baina ya tando hizo mna maji safi yaukingao ubongo usigongwe na fuvu. Bakteria waingiapo katika maji hayo huzaana upesi, tando huvimba, na ubongo nao huvimba. Na kwa kuwa fuvu halitanuki, ubongo hubanwa. Hapo ndipo mgonjwa huumwa sana na kichwa, hutapika, hupotewa na fahamu, hata kufa.

Matabibu wa Kiingereza wa zamani waliutaja ugonjwa huu kwa jina lililounganisha viungo viwili, ubongo na uti wa mgongo. Jina la Kiswahili laelekea kuwa lilichukua nusu ya pili ya jina hilo na kuiacha nusu ya kwanza, nayo iliyoachwa ndiyo iliyo nzito. Si kwamba jina lililobaki halina ukweli ndani yake. Mtu mzima, au mtoto aliyekwisha kukua, apatwapo na ugonjwa huu shingo yake hukakamaa hata asiweze kuinamisha kidevu kifuani, na pengine mgongo wake hupindika kwa nyuma kama upinde. Aliyeona hali hiyo ana haki ya kudhani kuwa mgongo ndio ulioshikwa.

Mtoto wa miezi michache hali yake ni nyingine. Mara nyingi shingo yake haikakamai. Hukataa kunyonya, hulia kwa sauti kali au hulala usingizi usio wa kawaida, hutapika, hulegea, na pengine mwili wake hupoa badala ya kuwa na joto. Utosi wake, ambao kwa kawaida huwa bapa na kudunda polepole, huweza kuvimba na kuinuka. Hakuna hata moja katika dalili hizi lielekezalo katika mgongo. Hivyo jina lamfaa mgonjwa mkubwa kuliko mdogo, na huyo mdogo ndiye auawaye zaidi.

Mzigo wa ugonjwa ulimwenguni

Ugonjwa huu ulielezwa kwa mara ya kwanza kitabibu na Gaspard Vieusseux baada ya kuzuka katika mji wa Geneva mwaka 1805. Mwaka 1887 Anton Weichselbaum alimtambua mmoja wa bakteria waletao ugonjwa huo, yule aitwaye meningokoko. Wengine wawili wenye sifa mbaya kwa watoto ni nyumokoko, aletaye pia kichomi, na hemofilusi wa aina b, ambaye kwa kifupi huitwa Hib. Watoto wachanga wa siku chache hushambuliwa zaidi na bakteria wa namna nyingine, ambao baadhi yao huwapata wakati wa kuzaliwa.

Kwa makadirio yaliyofanywa kwa mwaka 2019, watu kiasi cha 2,510,000 waliugua ugonjwa wa tando za ubongo wa kila namna ulimwenguni, na 236,000 walikufa. Katika waliokufa, 112,000 walikuwa watoto wasiotimiza miaka 5. Shirika la Afya Duniani laeleza kuwa katika ugonjwa uletwao na bakteria, mgonjwa mmoja katika kila 6 hufa, na mmoja katika kila 5 hubaki na madhara makubwa: uziwi, kifafa, kupooza, au akili iliyodhoofika.

Watu wengi walijuao jina la ugonjwa huu hulikumbuka pamoja na habari za nchi za Sahel. Mwaka 1963 tabibu Mfaransa Léon Lapeyssonnie aliandika juu ya ukanda wa nchi kavu, kusini ya jangwa la Sahara, ambako ugonjwa huzuka wakati wa kiangazi na kuenea kama moto wa nyika. Ukanda huo hutajwa leo kuwa watoka Senegal mpaka Ethiopia. Mwaka 1996 na 1997 watu zaidi ya 250,000 waliugua huko, na 25,000 wakafa. Chanjo iliyotengenezwa kwa ajili ya nchi hizo ilianza kutolewa kwa wingi Burkina Faso mwezi wa Desemba 2010, na maambukizo ya meningokoko wa kundi A yakapungua mno.

Songea haimo katika ukanda huo. Mvua zake ni nyingi, nazo huanza kwa kawaida mwishoni mwa mwaka na kuendelea mpaka Aprili au Mei. Huko ugonjwa wa tando za ubongo hauna desturi ya kuja kama tauni ya kijiji kizima, bali humshika mtoto mmoja hapa na mwingine kule. Tauni hujitangaza yenyewe; serikali hutuma watu, na magazeti huandika. Ugonjwa umpatao mtoto mmoja mmoja haufanyi kelele, na ni rahisi kuhesabiwa chini ya jina la ugonjwa mwingine. Majina mawili ndiyo hasa yauficha: malaria na degedege.

Degedege

Neno degedege lina uhusiano na ndege: dege ni ndege mkubwa, na neno limerudiwa. Katika sehemu nyingi za Waswahili wazee walisadiki kuwa mtoto hupatwa na hali hiyo apitiwapo na ndege wa namna fulani, au na mdudu arukaye kama nondo. Kwa matumizi yake neno hili lataja jambo lionekanalo wazi: mtoto hukakamaa, hutetemeka mikono na miguu, macho hugeuka juu, na pengine povu humtoka kinywani.

Kama jina la dalili, degedege ni neno zuri na sahihi. Mama yeyote alijuaye hana haja ya kufundishwa lina maana gani. Shida yatokea linapofanywa kuwa jina la ugonjwa, kwa maana hali hiyo huweza kuletwa na sababu nyingi. Homa kali peke yake humletea mtoto mdogo degedege, malaria kali huleta, upungufu wa sukari katika damu huleta, kifafa huleta, na homa ya uti wa mgongo nayo huleta. Ni mlango mmoja wa nyumba yenye vyumba vingi. Anayesema “ni degedege” amefika mlangoni, lakini bado hajaingia chumba chochote.

Uchunguzi uliofanywa wilaya ya Bagamoyo na kutolewa mwaka 1996 ulionyesha kuwa degedege ilihesabiwa na wenyeji kuwa ugonjwa wa homa wenye sifa zake, na kuwa waganga wa kienyeji walikuwa na nafasi kubwa katika kuitibu. Wachunguzi wale walikuwa wakitafuta njia ya kupunguza vifo vya malaria kali. Hata hivyo somo lao lahusu ugonjwa wa tando za ubongo vile vile, kwa kuwa mtoto mwenye bakteria katika maji ya ubongo hawezi kungoja siku ya pili.

Jina la malaria nalo lina hatari yake. Pale ambapo malaria ni jambo la kila siku, mtoto mwenye homa na degedege hudhaniwa kwanza kuwa na malaria, na mara nyingi dhana hiyo huwa kweli. Lakini mtoto aweza kuwa na vijidudu vya malaria katika damu na bakteria katika maji ya ubongo kwa wakati mmoja. Kipimo cha malaria kikitoa jibu la “ndiyo”, hakikutoa jibu la “hapana” kwa ugonjwa mwingine. Akipewa dawa ya malaria tu, ugonjwa wa pili waendelea na kazi yake.

Yafaa kutaja pia pepopunda, ambayo hukakamaza mwili wa mtoto mchanga na kumzuia kunyonya, na kwa hiyo yafanana kwa umbo na ugonjwa huu ingawa asili yake ni mbali nao. Majina manne, yaani degedege, malaria, pepopunda na homa ya uti wa mgongo, yagombea mtoto mmoja katika usiku mmoja.

Sindano ya mgongoni

Njia iliyo ya hakika ya kuutambua ugonjwa ni kuyatazama maji yenyewe. Tabibu Mjerumani Heinrich Quincke alieleza mwaka 1891 jinsi ya kuyatoa kwa sindano baina ya mifupa ya kiunoni. Sindano huingizwa chini ya mahali uzi wa neva unapokoma, hivyo haiuchomi. Matone machache yatosha. Kwa mtu mzima wa afya maji hayo ni meupe kama ya kisima safi. Yakiwa na ukungu, ni dalili kuwa bakteria wameingia.

Wazazi wengi huiogopa sindano hii, nao husikika wakisema kuwa hupooza mtoto au humuua. Hofu hiyo ni rahisi kuifahamu. Mtoto apelekwaye kupigwa sindano hiyo mara nyingi yu mahututi, na akifa baadaye sindano ndiyo ikumbukwayo. Tena jina la ugonjwa huiongeza hofu: ikiwa uti wa mgongo ndio mgonjwa, kwa nini uchomwe tena? Muuguzi asemaye “tutamchoma uti wa mgongo” amesema neno liogofyalo na lisilo sahihi. Asemaye “tutatoa maji kidogo ya ubongo, tuyaone kama yamechafuka” amesema kweli, naye amempa mama sababu ya kukubali. Tofauti baina ya sentensi hizi mbili ni ya lugha tu, ila huweza kuamua kama ugonjwa utajulikana au hautajulikana. Mtoto aliye katika hatari kubwa hupewa dawa za kuua bakteria mara moja, hata kabla ya sindano hiyo kupatikana.

Uziwi na lugha ya mtoto

Kati ya madhara yote yabakiayo, lililo karibu zaidi na wanafunzi wa lugha ni uziwi. Uvimbe na sumu ya bakteria hupita kutoka katika maji ya ubongo na kuingia sikio la ndani, na huko huharibu vinywele vidogo mno vipokeavyo sauti. Jambo hili huweza kutokea katika siku za kwanza za ugonjwa. Mtoto hurudi nyumbani amepona, anakula, anacheza. Ila akiitwa hageuki. Akiwa wa miaka miwili, maneno machache aliyokuwa nayo humponyoka moja baada ya jingine, kwa kuwa hayasikii tena.

Hapa pia jina limepotosha. Mtoto huyo huitwa bubu, kana kwamba ulimi wake ndio ulioharibika, ilhali ulimi wake ni mzima. Alichokikosa ni lugha ya kumwingia. Akifikishwa mapema mahali palipo na Lugha ya Alama ya Tanzania, ataipata lugha kamili na kuitumia kufikiri, kuuliza na kusoma. Shule ya kwanza ya viziwi nchini ilifunguliwa Tabora mwaka 1963. Songea yenyewe inayo shule ya watoto viziwi huko Ruhuwiko. Tangu mwaka 2017 hospitali ya Muhimbili, Dar es Salaam, imekuwa ikiwatia baadhi ya watoto chombo cha kusikia ndani ya sikio. Kwa mtoto aliyepoteza kusikia kwa ugonjwa huu kazi hiyo yataka haraka, kwa maana sikio la ndani huweza kujaa mfupa baada ya uvimbe. Kwa hiyo masikio ya kila mtoto aliyepona yapasa kupimwa kabla hajaiacha hospitali, au punde baada ya hapo.

Kinga na majina yake

Jambo la furaha ni kuwa sehemu kubwa ya ugonjwa huu yazuilika. Kenya ilianza kutoa chanjo ya Hib mwaka 2001. Katika wilaya ya Kilifi, maradhi makali ya Hib kwa watoto wasiotimiza miaka 5 yalikuwa 66 kwa kila watoto 100,000 katika mwaka uliotangulia chanjo. Katika mwaka wa tatu baada yake yalishuka mpaka kati ya 7 na 8. Tanzania iliitia chanjo hiyo katika sindano ya watoto wachanga mwaka 2009, na kuanzia 2013 chanjo ya nyumokoko ikaenezwa nchini. Watoto wa Songea huzipata katika wiki ya 6, ya 10 na ya 14, kama wenzao wa mikoa mingine.

Hata hapa majina yana neno. Chanjo ya nyumokoko hujulikana mara nyingi kuwa chanjo ya kichomi. Jina hilo ni kweli, lakini ni nusu ya kweli, kwa kuwa nyumokoko aletaye kichomi ndiye yule yule aingiaye katika tando za ubongo. Mama aliyeambiwa habari za kichomi tu hajui kuwa sindano ile yamlinda mtoto wake pia na uziwi. Tena chanjo hizi mbili hazizuii bakteria wote. Aliyechanjwa aweza kuugua, na ajuaye hivyo hatalala akiona utosi wa mtoto wake umeinuka.

Mwezi wa Novemba 2020 mataifa yaliyokutana katika Baraza la Afya Duniani yaliukubali mpango wa kuushinda ugonjwa huu ifikapo 2030: wagonjwa wa namna zizuilikazo kwa chanjo wapungue kwa nusu, na vifo vipungue kwa sehemu 70 katika kila 100. Mpango huo wataka chanjo, maabara na dawa. Lakini wataka pia ugonjwa utambulikane na watu wa kawaida, na utambuzi huo hufanyika katika lugha yao.

Kazi ya kamusi

Je, jina libadilishwe? Haifai. Homa ya uti wa mgongo limekwisha kukaa katika vinywa vya watu na katika vyumba vya kliniki. Jina jipya, hata likiwa sahihi zaidi kwa asili yake, lingewatenga wale waliokwisha kulijua la kwanza. Malaria yenyewe ina jina lililotokana na hewa mbaya, wala hakuna tena anayedanganywa nalo, kwa sababu maana yake imeelezwa vya kutosha. Cha kutengenezwa ni maelezo.

Basi kamusi isitosheke kusema kuwa homa ya uti wa mgongo ni “ugonjwa wa mgongo wenye homa kali”. Yapasa iseme kuwa ni ugonjwa wa tando zifunikazo ubongo na neva za mgongo. Kuwa kwa mkubwa dalili yake ni kichwa kuuma na shingo kukakamaa. Kuwa kwa mtoto mchanga ni kukataa ziwa, kulegea, kilio kikali na utosi kuvimba. Na kuwa ni ugonjwa wa kupelekwa hospitali saa ile ile. Chini ya degedege iandikwe kuwa ni dalili ya maradhi mengi, pamoja na malaria na homa ya uti wa mgongo. Chini ya bubu iandikwe kuwa wengi waitwao hivyo ni viziwi.

Kazi nyingine iko Ruvuma kwenyewe, nayo ni kukusanya maneno ambayo bibi wa Kingoni, wa Kimatengo na wa Kindendeule huyatumia kwa utosi ulioinuka, kwa kilio kisicho cha kawaida na kwa mtoto aliyelegea. Maneno hayo yakiandikwa pamoja na maana zake za Kiswahili na kuwekwa katika mikono ya wauguzi, mama ataweza kusema alichokiona kwa neno la kwao, na muuguzi aliyetoka mkoa mwingine atalifahamu kabla usiku haujapita.